Mstari wa Ishirini na Nane

Kwa Mwalimu Kizito Emojong,
S.L.P. 17,
Malaba.

Jumapili, 4 Juni 1978

Mpendwa dada yangu Benedetta,

Salamu zangu zikukute umekaa, chai iko mkononi na magoti yameacha kelele. Hujambo lakini? Kile kikohozi cha mwezi wa tatu kimekwisha, au bado unakiita homa ndogo? Najua baridi ya Kericho haimhurumii mtu aliyezaliwa kwenye jua letu. Tafadhali ivae ile sweta. Sikuituma huko ikafunike mtungi.

Na wewe Wilkista, jirani mwema unayemsomea dada yangu barua, salamu zako ni hizi, usiziruke. Nakushukuru kwa kazi hiyo. Lakini leo nina ombi: soma polepole, na mkiwa wawili tu. Barua ya mwisho uliisomea nje ya mlango, nikasikia kambi nzima ya wachuma chai ilijua kuwa nina jipu, na mahali lilipo. Leo fungeni mlango.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri. Wimbi umeota, magugu nayo yameota zaidi. Mke wangu Truphena anakusalimu; mtoto ameota meno mawili na anamuuma mama yake bila aibu. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, naye Mama amempa jina lako kwa sababu anapiga mateke. Usinilaumu mimi, nilikuwa shuleni.

Hapa Malaba malori yamepanga foleni mpaka karibu na soko. Madereva wanangoja karatasi siku nne, siku tano, tanboi wao, wale wasaidizi wa lori, wanapika ugali chini ya tela. Watu wa ng'ambo wanavuka kila siku kutafuta chumvi na sabuni. Maisha yao yamekuwa magumu mno, dada. Ukiwaona unashukuru kwa kidogo ulicho nacho, halafu unarudi nyumbani unaanza kulalamika tena.

Binti yako Amoit ni mzima. Ameshakuwa mrefu kunipita begani. Anasoma kila alfajiri kabla ya kuchota maji.

Basi. Nimezunguka vya kutosha, na wewe unanijua, nikianza kusifu ndama ujue kuna kitu. Barua hii ni ya Amoit. Hajaugua, hana mimba, hajatoroka, kwa hiyo pumua. Lakini nimemkosea, na kwa kumkosea yeye nimekukosea wewe, tena vibaya.

Nitakueleza tangu mwanzo ili usinihukumu kabla ya wakati. Ukifika mwisho, nihukumu.

Unajua kwamba mimi ndiye mwalimu wa darasa la saba, na mwisho wa mwaka darasa la saba hufanya mtihani wa CPE, ule wa kuingia sekondari. Siku hizi mtihani wameubadilisha, na kusema kweli wameuboresha. Zamani tulikuwa tukiwakaririsha watoto majina ya milima ya Ulaya. Sasa swali linamuuliza mtoto kwa nini maji ya kisima yachemshwe, au kwa nini udongo wa mteremkoni unakwisha. Nilipoyaona maswali hayo mara ya kwanza nilifurahi. Nikasema, sasa mtoto wa mkulima naye ataulizwa anachokijua.

Lakini pamoja na maswali mapya wakatuletea orodha. Matokeo yakitoka, shule zote za wilaya zinapangwa, ya kwanza mpaka ya mwisho, na kila shule inapelekewa nakala. Eti wazazi wajue ni mwalimu gani anafanya kazi na ni nani anakula mshahara wa bure. Hilo nalo si baya ukilisikia. Mimi mwenyewe nililipigia makofi, kabla sijajua jina letu litakuwa wapi.

Tulikuwa wa tatu kutoka chini.

Dada, wewe unakumbuka mambo ya kahawa, Mama alikueleza. Mwaka jana na mwaka juzi magunia yalikuwa yakivuka mto kutoka Uganda kwenda kwa wanunuzi, na wavulana wangu walikuwa wakiyabeba. Darasa la watoto arobaini, siku nyingine nilifundisha wasichana kumi na sita na mvulana mmoja mwenye mguu mbovu. Mtoto anapata kwa siku moja zaidi ya baba yake kwa mwezi, mimi namwambia nini, aje ajifunze sehemu za ua? Ndio hao waliofanya mtihani. Orodha haina safu ya kahawa. Ina jina la shule na namba tu.

Baada ya hapo kukawa na baraza la chifu, na afisa mmoja wa elimu akaja na orodha yake. Aliisoma kuanzia chini. Kila shule iliyotajwa, walimu wake walisimama mbele ya watu. Nilisimama, dada. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwepo, wanafunzi wangu wa zamani walikuwepo, na hata tanboi mmoja asiyejua lolote juu yetu alicheka mpaka akashika tumbo. Nilitazama viatu vyangu. Ndio nikaona kimoja kimetoboka.

Hedimasta wetu, Mzee Ongodia, aliyejenga lile darasa la mawe kwa mikono yake, alipata barua ya uhamisho wiki ile ile. Wamempeleka huko chini Sio Port, akafundishe darasa la pili kwenye harufu ya omena. Miaka ishirini na mbili ya kazi! Aliniaga akacheka, akasema angalau samaki hatakosa. Mimi sikuweza kucheka.

Akaja hedimasta mpya, Phanuel Okwara, kijana safi, ana baiskeli mpya na kalamu nne mfukoni. Si mtu mbaya. Lakini naye ameambiwa apande kwenye orodha, au atamfuata mwenzake kwenye omena. Ana watoto wadogo. Tangu siku ya kwanza nilimwona ana hofu, ingawa alitembea kama askari.

Januari aliita mkutano wa wazazi. Wee! Walitupasua. Mmoja akasema atampeleka mtoto wake shule ya ng'ambo ya barabara, mwingine akasema walimu tunakunywa pombe ya ajon mchana. Mimi nilikuwa bado nina uchungu wa lile baraza. Uchungu ule ulinipandisha juu, nikasimama bila kuulizwa.

Nikasema: wazazi, tatizo letu ni kupeleka kila mtoto kwenye mtihani, aliyeiva na ambaye hajaiva. Mwaka huu tuwapime mapema kwa jaribio la zoni. Wanaoweza, tuwaandikishe. Wasioweza, warudie darasa, wafanye mwaka ujao. Hivyo ndivyo zinavyofanya shule zote zilizo juu ya orodha, zinanyamaza tu.

Walipiga makofi, dada. Nilipoyasikia hayo makofi nikavimba. Ndipo nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniomba. Nilisema, "Na hakuna upendeleo! Hata akiwa mtoto anayelala nyumbani kwangu!"

Mzee Ochom, mwenyekiti wa kamati, aliniletea jogoo jioni hiyo kwa ajili ya hekima yangu. Tulimla. Amoit ndiye aliyemchinja na kumnyonyoa manyoya, akanipa mimi paja.

Sasa nikueleze jaribio lenyewe, maana hapo napo nina mkono. Katika zoni yetu, shule hubadilishana karatasi. Wewe unasahihisha za wenzako, wenzako wanasahihisha zako, ili mtu asiwapendelee watoto wake. Ni utaratibu mzuri kabisa, kama uliotungwa na malaika ili utumiwe na malaika. Kumbe matokeo ya jaribio nayo yanapangwa kwenye orodha, orodha ndogo ya zoni! Kwa hiyo kila mwalimu akikaa na karatasi za shule jirani, kalamu yake inakuwa kali. Mtoto amesahau nukta, unakata. Mtoto ameandika vizuri, unatafuta alipokosea mpaka umpate.

Mimi nilifanya hivyo. Nilisahihisha karatasi za wenzetu siku mbili, na niliwabana. Nilijua ninachofanya. Nikajiambia nao wanatubana sisi.

Na kweli walitubana. Kiwango tulichoweka ni alama mia na ishirini kati ya mia tatu. Amoit alipata mia na kumi na nne.

Niliichukua karatasi yake ya Kiingereza nikasoma insha. Waliambiwa waandike juu ya siku wasiyoisahau. Aliandika juu ya ng'ombe mwekundu. Sijui kama tulikuambia: Januari ng'ombe huyo alikata kamba akaingia uwanja wa kastamu, akapita chini ya kizuizi, akaenda zake Uganda. Amoit akamfuata mbio. Ofisa wa upande wa pili akamsimamisha, akamwuliza pasi ya ng'ombe iko wapi. Amoit akamjibu kwamba ng'ombe hajui kusoma, ndiyo maana hakuona kibao. Yule ofisa alicheka, akamsaidia kumrudisha. Mimi nilikuwepo, nimesimama upande huu.

Yote hayo aliyaandika, dada, kwa Kiingereza cha kuchekesha na cha kueleweka. Mwalimu aliyesahihisha ameandika kwa wino mwekundu: haiwezekani. Amempa kumi na moja kati ya arobaini. Mimi ningempa ishirini na tano hata nikiwa nimenuna, na angevuka.

Ungefikiri ningebeba karatasi hiyo nikaenda kwa mwalimu huyo kudai haki. Ningedai kwa mdomo gani? Angetoa zile nilizosahihisha mimi. Kuna mtoto wa shule yake alieleza jinsi bibi yake anavyotega kumbikumbi, ameeleza kila hatua, na mimi nimempa tisa. Tisa! Kwa sababu alisahau kuanza sentensi kwa herufi kubwa.

Watoto kumi na wanne walianguka kati ya arobaini na mmoja. Hedimasta alinipa kazi mbili. Ya kwanza, niwaambie mmoja mmoja, taratibu. Ya pili, nijaze fomu za kuwaandikisha wale ishirini na saba, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri.

Niliwaambia kumi na watatu. Wengine walilia, mmoja akaniuliza kama bado anaruhusiwa kucheza mpira. Wa kumi na nne anakula mezani kwangu, nikasema nitamwambia kesho. Ile kesho haijafika mpaka leo.

Fomu zile nilikaa nazo Jumamosi nzima. Nilijaza majina ishirini na saba. Mstari wa ishirini na nane ulikuwa mtupu, na nilijua hakuna atakayeuhesabu. Ofisini hawajui nani amepata ngapi kwenye jaribio letu. Hedimasta alikuwa ameweka sahihi tayari. Nilitia wino kalamuni, dada. Nilishaandika herufi A kwa penseli.

Ndipo akaja Milka. Humjui, ni mjane anayeuza mihogo ya kukaanga kwenye foleni ya malori, na mwanawe Ekisa ni mmoja wa wale kumi na wanne. Alipata mia na kumi na nane. Mbili tu! Alipiga magoti hapo kwenye saruji, mwanamke mwenye umri wako.

"Mwalimu, muweke tu," akasema. "Akianguka, aanguke yeye mwenyewe. Usimwangushe wewe."

Nikamwambia taratibu ni taratibu. Nikamwambia nikimwingiza mmoja, watakuja kumi na watatu. Nilizungumza kama lile gazeti la serikali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, "Na Amoit je? Watu wanasema umemficha humo."

Nami nikajibu, "Amoit naye yuko nje."

Nilisema ili anyamaze, Benedetta. Nilisema ili ainuke kwenye ile saruji aende. Lakini nilipolisema, likawa. Milka akainuka, akajifuta magoti. Akasema, "Pole, mwalimu." Yeye aliniambia mimi pole! Nikamwomba asimwambie mtu mpaka mimi mwenyewe nimwambie mtoto. Akakubali. Mlangoni akageuka: "Utamwambia lini?"

Alipoondoka nikachukua kifutio, nikaifuta ile A.

Jumatatu hedimasta akapeleka fomu Busia kwa baiskeli. Nilimwona akipita. Kumkimbilia ningeweza, miguu ninayo. Sikukimbia. Siku ya tatu, usingizi ukiwa umenikataa kabisa, nikapanda gari nikaenda huko ofisini. Karani akaniambia fomu zimekwenda Nairobi jana yake, na ukishaziona zimekwenda Nairobi ujue zimekwenda.

Nilirudi nikamweleza hedimasta kila kitu, hata ile penseli. Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Mwalimu, hukuapa kwangu, uliapa kwa wazazi. Na mimi wangenifukuza." Ni kweli. Sina pa kumshika.

Sasa tazama nilipo. Wazazi wa wale wengine wanaamini Amoit ameandikishwa, kwa kuwa bado anakuja masomo ya alfajiri, ambayo sasa ni ya walioandikishwa tu. Wananong'ona sokoni kwamba mwalimu aliapa kwa mdomo tu. Mzee Ochom hanisalimii vizuri. Nikitaka kujisafisha, itabidi niseme mbele ya watu kwamba mtoto yuko nje, naye atalisikia kwa watu. Nikinyamaza, natukanwa kwa wema ambao sikuufanya. Laiti ningeufanya! Matusi ni yale yale.

Nikiacha kazi, nyumba hii ni ya shule, tutaondoka wote. Nikibaki, kila asubuhi naingia darasa lile na kumkuta amekaa dawati la pili, penseli imechongwa mbele na nyuma.

Na Mama naye ameanza. Anasema msichana wa miaka kumi na sita hakai na vitoto darasani. Unajua mwaka jana tulimrudisha darasa la sita. Akirudia na la saba atakuwa mkubwa kuliko wote. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto ameshakuja mara mbili kumjulia Mama hali, mtu ambaye hakuwahi kujali hali yake. Anakaa, anamtazama mtoto akipita na ndoo. Mwaka mmoja mimi ninauita mwaka mmoja tu. Kwa Amoit huenda ndio mlango wenyewe. Nilijua hilo nilipokuwa nashika kifutio.

Wilkista, hapa pumzika kidogo, mpe dada maji.

Dada, nataka nikuambie jambo ambalo hatujawahi kuzungumza. Mwaka ule baba aliposema shuleni ataenda mmoja tu, wewe ndiye mkubwa. Zamu ilikuwa yako. Wakanichagua mimi kwa sababu mimi mvulana, na wewe ukapewa ng'ombe. Ulikuwa ukinibeba mgongoni mto ukijaa, unaniweka kavu upande wa pili, kisha unachunga karibu na shule mpaka kengele ilie. Nilikuwa nakuona dirishani. Siku moja padri aliuliza nane mara saba, sote tukashindwa, na wewe ukajibu kutoka nje. Akakufukuza kwa fimbo. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Nilikuwa na miaka minane, lakini nilicheka.

Ulipomleta Amoit kwangu baada ya mazishi ya baba yake, ulisema neno moja: "Huyu mweke ndani." Nilidhani unasema ndani ya nyumba. Baadaye nikaelewa. Na mimi, nikiwa na kalamu mkononi na mstari mtupu mbele yangu, nimemwacha nje.

Haya ndiyo yaliyotokea. Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimefikiri kumleta kwako, lakini hata huko uandikishaji umefungwa. Nimefikiri kumwandikia afisa, lakini nitaandika nini, kwamba sheria niliyoitunga imenishika mwenyewe? Nimekuwa kama ng'ombe aliyejizungushia kamba yake kwenye mti. Kila nikigeuka inafupika.

Nakuomba vitu viwili. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi, niambie huwezi, usinyamaze. Kisha niambie nimwambieje. Wewe ndiye mama yake. Mimi nafundisha watoto miaka kumi na moja sasa, na sentensi moja ya kumwambia mtoto huyu sina. Shule zitafungwa mwezi wa nane, na kabla ya hapo lazima ajue. Nimejipa muda mpaka jibu lako lifike. Najua ni woga. Kila alfajiri namfundisha hesabu kama wenzake, nami siwezi kumtazama usoni.

Nisalimie Wilkista na watoto wake, na yule mzee Kiprono wa mizani anayekusaidia kubeba kikapu. Mama anasema umtumie majani ya chai, na usimtumie yale ya vumbi. Truphena anasema anakukumbuka. Mungu akutunze huko mlimani, akulindie kifua, na akupe moyo mpana siku barua hii itakapofika.

Amoit ananiona naandika, ameomba nafasi hapa chini akusalimie kwa mkono wake. Nitakunja karatasi asione ya juu. Nitampa na bahasha aifunge mwenyewe na kuipeleka posta, ili ajue namwamini.

Mimi niliye wako, ninayekupenda na kukuonea haya,
ndugu yako mdogo,
Kizito


Mama mpenzi,

Ni mimi Amoit. Hujambo? Mimi sijambo. Kikohozi kinaendeleaje? Mjomba amekunja karatasi mara tatu na sikuifungua, lakini ninajua alichokuandikia.

Hakuna aliyeniambia. Nilijua mwenyewe. Mjomba hugombeza kila anayefanya mtihani, ukikosa hesabu anapiga meza mpaka chaki inaruka. Tangu mwezi uliopita mimi nikikosa ananiambia si kitu, jaribu tena. Na Shangazi Truphena ananipa yai kila Jumatano. Hakuna aliyewahi kunipa yai bila mimi kuumwa. Na ile Jumapili, kabla fomu hazijapelekwa Busia, niliangalia meza yake nikaona moja, mstari mmoja umefutwa mpaka karatasi imekuwa nyembamba, ukiishika juani unaona A.

Nililia siku ile huko mtoni, nikamaliza. Usilie na wewe.

Wilkista, tafadhali, ukimwandikia mjomba jibu la Mama, msiandike kwamba najua. Wale kumi na watatu waliambiwa, na tangu siku hiyo hawaruhusiwi kuingia masomo ya alfajiri. Mimi naingia kwa sababu mjomba anafikiri sijui. Tumefika kwenye sehemu ngumu za hesabu, na mchana ninakwenda kwa Ekisa na wengine wawili kuwaonyesha tulichofundishwa. Akijua kwamba najua, ataona aibu na kuniondoa, na sisi wanne hatutakuwa na mwalimu.

Mama, mwambie mjomba aendelee kungoja mpaka shule zifungwe. Mwambie bado unafikiria.

Bahasha nimeifunga kwa uji.

Mwanao,
Amoit